Mwenyeji Mkuu wa Magofu

"Inatangazwa kwa wananchi wote, wa mlimani, wa bondeni na wa jangwani, ya kwamba kuanzia Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa nne, ukarimu katika magofu yote ya Yordani utatolewa na Mamlaka ya Ukarimu wa Magofu peke yake. Mtu yeyote atakayemkaribisha mgeni bila kibali atahesabika kuwa amekaribisha kiholela."

Tangazo lilisomwa redioni mara tatu kwa siku, baada ya bei za nyanya. Bwana Nayif, Afisa Makaribisho Daraja la Pili, alilisikiliza ofisini kwake Amman akiwa amesimama. Alisimama kwa sababu neno "kiholela" alilipendekeza yeye.

Na lilikuwa neno la haki. Kwa miaka elfu mbili na ushei watu wa nchi hii walikuwa wakikaribisha wageni kila mmoja kwa kichwa chake. Huyu anatoa tende, yule mkate wa moto, mwingine anamkalisha mgeni kivulini na kumsimulia habari za babu yake mpaka jua linapinda. Hakukuwa na fomu. Hakukuwa na takwimu. Mtu anatoka ng'ambo kuja kuona magofu, anaondoka anajua majina ya watoto saba wa mchungaji, na Serikali haina kumbukumbu yoyote ya jambo hilo.

Mamlaka iliingia kazini kwa kishindo. Kwanza ilikagua mandhari, ikakuta yamepangwa ovyo: mgeni anaweza kuamka kwenye milima yenye milozi iliyochanua, saa tano akawa kwenye majabali mekundu, alasiri akawa kwenye mchanga mtupu, na kabla ya magharibi akawa anaelea kwenye bahari ya chumvi, yote bila mpangilio wa kueleweka. Kamati ikaundwa kuyapangia mandhari zamu. Kisha kikaja Kipimo cha Mshangao. Afisa alisimama kando ya kila gofu na saa ya kuhesabu sekunde, akapima mgeni amekaa na mdomo wazi kwa muda gani. Gofu lililoshindwa kufikisha sekunde nne lilipewa barua ya onyo. Kuna ukumbi mmoja wa Warumi mpaka leo una barua mbili, na unasubiriwa kujieleza.

Lakini fahari ya Mamlaka ilikuwa Kanuni ya Kumi na Nne, inayohusu kahawa. Huku kwetu kahawa ya mgeni humiminwa kidogo tu, tone la kufunika kitako cha kikombe, kisha tena, kisha tena. Mshauri mwelekezi aliletwa na rula yake, akapima, akagundua kwamba taifa zima limekuwa likiwapunja wageni theluthi mbili za kikombe. Akapendekeza ujazo wa asilimia mia moja, mpaka ukingoni, kama ishara ya kiwango cha juu kabisa cha ukarimu. Wajumbe wa kamati walikuwa kumi na wawili, na wote kumi na wawili walijua, tangu walipokuwa mapajani kwa mama zao, kwamba ndani ya hema kikombe kilichojazwa mpaka ukingoni kina maana moja tu: kunywa, inuka, njia ile pale. Hakuna aliyesema kitu. Kipengele cha "mengineyo" kilikuwa kimefutwa kwenye ajenda ili kuokoa muda.

Basi ikafika siku ya kufungua kituo cha kwanza cha mfano, kwenye Ngome ya Rummana, kusini. Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Daktari Wasfi, angekuja Alhamisi na televisheni. Palikuwa na tatizo dogo. Mbele ya ngome, pale hasa ambapo nchi inakatika na kushuka, kijani juu, nyekundu katikati, njano chini, palikuwa na hema jeusi la manyoya ya mbuzi. Ndani ya hema palikuwa na Hajja Fidda, mjane wa miaka sitini na minane, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akiwapa kahawa watu waliofika hapo wakihema. Mamlaka ilipima ikaona hema linaziba mandhari kwa asilimia kumi na moja. Lilipaswa kuondoka kabla ya Alhamisi.

Nayif ndiye aliyepewa barua aipeleke. Alipewa yeye kwa sababu ya weledi wake, na pia kwa sababu Hajja Fidda alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake tumbo moja.

"Bosi, hii kazi si ya kuifurahia," alisema dereva wa Mamlaka, Swelim, walipokuwa wakipandisha mlima siku ya Jumatatu. "Unamwondoa shangazi yako, halafu Idi unakwenda kula kwa nani?"

"Simwondoi. Nampangia upya."

"Haya. Mpangie upya. Mimi nitakaa garini."

Nayif hakuwa mjinga. Alijua kwamba barua ile, akiitoa mfukoni mbele ya shangazi yake, baba yake hatamjibu salamu mpaka kaburini. Lakini alikuwa na hila, na hila yenyewe ilitoka kwenye desturi. Mtu mwenye haja nzito akienda kwenye hema la mtu, hupokea kahawa, kisha huiweka chini asiinywe. Mwenye hema akiona hivyo hujua kuna jambo, na heshima yake haimruhusu kumwacha mgeni na kahawa inayopoa. Humwambia, "Kunywa kahawa yako, ulichojia umekipata." Hata likiwa ni kuomba binti, hata likiwa ni kusamehewa damu. Nayif angeweka kikombe chini, shangazi angesema maneno, hema lingeondoka kwa hiari, na barua ingebaki mfukoni ikiwa safi.

Hajja Fidda alimpokea kwa mikono miwili.

"Mwana wa kaka yangu! Umekonda. Huko Amman mnakula makaratasi?"

"Kazi nyingi, Shangazi."

"Kaa. Egemea mto huo."

Akamletea chai. Chai nzuri, nyekundu, yenye sukari na majani ya mnanaa. Nayif aliitazama. Chai haina sheria. Unaweza kuiweka chini mwaka mzima, hakuna atakayekuuliza.

"Shangazi, na kahawa?"

"Kahawa imekwisha, mwanangu."

Nyuma yake, kwenye majivu ya moto, madele matatu ya kahawa yalikuwa yamepangwa kama watoto wa familia moja, na la katikati lilikuwa linatoa mvuke unaonukia iliki.

Hakumuuliza amekuja kwa nini. Hilo nalo ni desturi: mgeni haulizwi shida yake mpaka siku tatu na theluthi zipite. Waswahili wana msemo wao kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule Rummana mgeni wa siku ya tatu hupewa mto wa pili.

Jumanne alirudi. Akapewa mtindi. Akasifu mtindi, akauliza habari za kahawa. Hajja Fidda akasema punda aliyeagizwa buni bado hajarudi. Punda mwenyewe alikuwa amefungwa mlangoni, akimtazama Nayif usoni.

Jumatano akapewa mansaf: sinia la wali, nyama ya kondoo juu yake, na mchuzi wa mtindi unaotiririka pembeni. Alikula kwa mkono wa kulia mpaka akalegea. Akajaribu mara ya mwisho.

"Baada ya mlo kama huu, Shangazi, kahawa kidogo tu ingeshusha."

"Maji pia yanashusha."

Swelim alikuwa amepakuliwa sinia lake huko garini. Nayif aliporudi, alimkuta anajifuta ndevu. "Kahawa ya mama huyu, bosi, wewe utaiona kwenye picha," akasema. "Anakujua kuliko unavyojijua."

Alhamisi asubuhi, theluthi ya siku ya nne ilipotimia, Hajja Fidda alikaa mbele yake, akakunja mikono.

"Haya, mwana wa kaka yangu. Siku zako za ugeni zimekwisha. Umekuja kufanya nini?"

Nayif akatoa barua. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nisomee. Macho yangu hayapendi herufi ndogo."

Akasoma. Alisoma yote, pamoja na vifungu na kumbukumbu namba, mpaka aya ya tatu: "Kwa mujibu wa Kanuni ya Kwanza, mwenyeji pekee wa Ngome ya Rummana ni Mkurugenzi Mkuu. Wakazi wote wa eneo hili kuanzia sasa watatambulika kama Wageni Wenye Asili."

Hajja Fidda aliinua macho. Alitazama kule nchi inakoshukia. Wanawe wawili walikuwa na nyumba huko mjini Zarqa, ghorofa ya nne kwenda juu, dirisha linatazamana na dirisha la jirani. Walikuwa wamemwandalia kitanda tangu mwaka juzi. Alikaa humo wiki moja tu wakati wa baridi, na wiki nzima hakuna mtu aliyefika mlangoni akihema. Alimwambia Nayif hivyo, waziwazi, bila kulia: "Nikihamia kule, mwanangu, nitakufa na mkono mkavu. Sitakuwa na wa kummiminia."

Nayif aliigeuza barua, akaangalia nyuma yake. Kanuni zilikuwa hazijagusia mikono mikavu.

"Nisomee tena pale pa mwenyeji."

Akasoma tena.

"Kwa hiyo yeye ndiye mwenyeji?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na mimi ni mgeni?"

"Mgeni Mwenye Asili."

"Serikali imeandika, na imepiga muhuri?"

"Mihuri miwili."

Hajja Fidda akainuka, akapangusa kanzu yake. "Basi mgeni hana amri kwenye nyumba ya mwenyeji. Njoo unisaidie kung'oa vigingi."

Hema likashuka ndani ya nusu saa. Nayif alipiga simu Amman kutoa taarifa kwamba mkazi ametoa ushirikiano wa kiwango cha kuridhisha. Akaongeza, kwa kuwa alitaka kumpa shangazi yake japo kifuta machozi, kwamba bibi huyo anafaa kuwa Mgeni Mwenye Asili wa kwanza kumiminiwa kahawa na Mkurugenzi Mkuu mbele ya kamera. Huko Amman wakasema ni wazo zuri, ana sura ya mandhari.

Saa sita mchana Daktari Wasfi alifika. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye shahada mbili za ukarimu kutoka nchi zenye mvua. Alivaa joho jeusi lenye nyuzi za dhahabu juu ya suti. Zulia lilitandikwa mbele ya ngome, kijiji kizima kikaketi kuzunguka, kamera zikawashwa, na nchi nzima ikatazama moja kwa moja wakati wa chakula cha mchana. Akasoma hotuba ya kurasa tisa. Kisha akashika dele la shaba, lililojazwa kahawa kutoka kwenye chupa ya hoteli, akamwendea Hajja Fidda, na kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Nne akamjazia kikombe mpaka ukingoni.

Wazee wakaguna. Mmoja akasema "Laa!" kwa sauti ya kutosha. Mwanamke wa miaka sitini na minane, kwenye ardhi ya mumewe, anaambiwa mchana kweupe na mbele ya nchi nzima: kunywa uondoke. Daktari Wasfi mwenyewe alisita, kwa maana naye alizaliwa kwenye hema kabla hajazaliwa upya chuoni. Lakini kanuni ni kanuni, na aliyeitia saini ni yeye.

Hajja Fidda alikipokea kikombe kwa mkono wa kulia. Akakitazama. Akakiweka chini kwenye zulia.

Hapakusikika hata mbuzi.

Mpiga picha, kijana wa huku huku kusini, hakuhitaji kuelekezwa. Aliisogeza kamera mpaka kikombe kikajaa kwenye kioo cha televisheni. Katika nyumba zote nchini, watu waliacha kutafuna. Kila mtu alijua kilichokuwa kinasubiriwa, na Daktari Wasfi alijua kuliko wote, kwa sababu babu yake alikuwa shehe wa kabila, na kwenye hema la babu yake hakuna kahawa iliyowahi kupoa chini. Alimtazama Nayif. Nayif akapekua ratiba ya shughuli, hakuona kipengele kinachofaa. Na ndipo maneno yakamtoka Mkurugenzi Mkuu yenyewe, bila idhini ya ofisi:

"Kunywa kahawa yako, Hajja. Ulichojia umekipata."

"Mungu akuweke, mwenyeji." Hajja Fidda hakukigusa bado. "Haja yangu ni ndogo. Barua yako inasema wewe ndiye mwenyeji na sisi sote ni wageni wako. Nimekubali. Nataka kitu kimoja: mwenyeji akae na wageni wake. Siku tatu na theluthi, kama desturi. Mtu hatoki nyumbani kwake na kuwaacha wageni sebuleni."

Daktari Wasfi akapumua, akacheka. Alidhani ataombwa barabara. "Hilo tu? Nitakaa! Nitakaa wapi?"

"Hapo ndipo na mimi ninapojiuliza. Palikuwa na hema."

Saa nane mchana maafisa tisa wa Mamlaka, tai zao zikiwa mabegani, walikuwa wanavuta kamba za hema la Hajja Fidda ili lirudi pale pale lilipokuwa, kwa asilimia zile zile kumi na moja. Hajja Fidda alikaa kwenye jiwe akinywa kahawa ya chupa ya hoteli na kuwaelekeza. "Kigingi hicho kiegemeze. Hapana, si hivyo, wewe mwenye miwani. Hujawahi kuona upepo?"

Kabla jua halijatua, simu ya Mkurugenzi Mkuu ililia. Alikuwa mjomba wake. "Umesema mbele ya nchi nzima," akasema mjomba. "Usirudi huku kabla hujatimiza. Sisi tuna mabinti wa kuozesha."

Ijumaa alfajiri kijiji kizima kilipanda mlima. Walikuja watu sitini na wawili, wote Wageni Wenye Asili kwa mujibu wa sheria, wote wakiwa na njaa, na kila mmoja amenawa mkono. Wakaketi, wakaegemea mito, wakasubiri.

Chemchemi iko chini, ngazi mia moja na kumi na nne. Daktari Wasfi alishuka na ndoo mara sita. Akakaanga buni zikaungua, akatwanga, akachemsha. Mzee mmoja, Abu Khalaf, mwenye masharubu meupe na meno matatu, alionja, akakizungusha kikombe.

"Mwenyeji, kahawa hii imepikwa au imeadhibiwa?"

"Ni… ni ya mtindo mpya, mzee."

"Niongeze. Huenda ya pili imetubu."

Alinywa saba. Mgeni akitosheka hukitikisa kikombe, na Abu Khalaf alikuwa na mkono uliotulia kuliko jabali.

Kuhusu kitoweo, mwenyeji huchinja. Swelim alitumwa makao makuu na fomu ya kuomba kondoo. Alirudi Jumamosi na fomu ile ile, imeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kondoo si kifaa cha ofisi. Tafadhali ainisha." Wageni wakapewa biskuti zilizobaki kwenye ufunguzi. Wakashukuru kwa sauti kubwa, biskuti moja moja, wakitaja majina ya mababu wa mwenyeji na kondoo waliokuwa wakichinjwa zamani.

Nayif alikuwa na daftari lake muda wote. Jumamosi saa nne walifika watalii wawili, mume na mke, wamepanda kwa miguu. Wakapita kona, wakamkuta Mkurugenzi Mkuu joho limekunjwa mpaka magotini, uso mzima majivu, ndoo mkononi, anafukuzana na punda. Nayif akabonyeza saa kwa mazoea. Walikaa na mdomo wazi sekunde kumi na moja, na hakuna gofu nchini lililowahi kufikisha tisa.

Jumapili magharibi, wageni wakiwa wamelala usingizi wa shibe ya biskuti, Daktari Wasfi alikaa kwenye ukingo akivua viatu. Malengelenge yalikuwa yametoka kila kidole. Mbele yake milima ilikuwa inageuka rangi, kijani ikiingia kwenye zambarau, na chini kabisa mchanga ulikuwa bado una jua. Akasahau kufunga mdomo. Nayif, aliyekuwa karibu, alihesabu mpaka nne kisha akaona haya, akazima saa.

"Hajja," Mkurugenzi Mkuu akaita, "wewe miaka thelathini uliwezaje? Maji yale, kuni, watu hawa?"

"Sikuwa na mamlaka, mwanangu," akasema Hajja Fidda. "Nilikuwa na punda."

Jumatatu asubuhi, theluthi ya siku ilipotimia, Daktari Wasfi aliomba kalamu. Nyuma ya barua ile ile, ile yenye mihuri miwili, akaandika marekebisho ya Kanuni ya Kwanza kwa mkono wake: "Mwenyeji wa gofu ni yule anayewasha moto wake." Akatia saini, akaweka tarehe, akampa Hajja Fidda. Wazee wakapiga makofi. Nayif alihisi machozi yanamjia, akasingizia moshi.

Hajja Fidda aliikunja barua akaitia kifuani. Kisha akakaa mahali pake, nyuma ya madele yake matatu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile ya kwanza kahawa ya kweli ilichemka kwenye hema lile. Harufu ya iliki ilijaa mpaka nje kwa Swelim. Akammiminia Daktari Wasfi tone la kwanza, la kufunika kitako. Akanywa, akafumba macho. Tone la pili. Tone la tatu. Mkurugenzi Mkuu akaegemea mto, akanyoosha miguu. Alikuwa sasa mgeni, na ugeni ulimkaa vizuri.

Kwa bahati mbaya ukamrudishia fikra.

"Nimejifunza jambo kubwa hapa, Hajja," akasema. "Haliwezi kuishia hapa. Nitajenga Chuo cha Ukarimu wa Taifa. Hapa hapa! Maafisa mia nne watakuja kwa zamu kupanda na kushuka na ndoo. Ukumbi utakaa pale kwenye ukingo. Maegesho ya magari tutayaweka…" akatazama huku na huku, "pale chini, penye chemchemi. Na hema hili, hili litahifadhiwa. Tutaliweka ndani ya kioo. Na wewe ndani yake!"

Abu Khalaf aliacha kutafuna. Nayif aliinamisha kichwa. Hajja Fidda aligeuka. Alimtazama Daktari Wasfi kwa upole kabisa, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyekuwa ametulia akaanza tena kulia. Kisha akainua dele, akashika kikombe cha mgeni, na akamimina. Kahawa ikapita kitako. Ikapita nusu. Ikapanda taratibu mpaka ukingoni, ikasimama hapo ikitetemeka, na hakuna tone lililomwagika. Alikuwa na mkono mzuri sana.

Akampa kwa mkono wa kulia.

Daktari Wasfi alikitazama kikombe, rangi ikampanda usoni na kushuka. Akafungua kinywa kulalamika. Lakini alalamike nini? Kanuni ya Kumi na Nne, ujazo wa asilimia mia moja, ishara ya kiwango cha juu kabisa cha ukarimu, saini yake mwenyewe chini. Wageni sitini na wawili wakamtabasamia. Akanywa yote, moto moto, akasema asante kwa sauti ndogo, akatafuta viatu vyake. Swelim alikuwa tayari amewasha gari.

Nayif naye akainuka, akakusanya karatasi zake.

"Wewe unakwenda wapi?" akauliza shangazi yake.

"Gari linaondoka, Shangazi."

"Liache liondoke. Kaa." Akammiminia kahawa kidogo, tone la kufunika kitako. "Punda amerudi na buni."

Nayif akainywa, hakuiweka chini. Kisha, kwa kuwa alikuwa bado mtumishi wa umma, alifungua daftari akajaza fomu ya mgeni wa mwisho wa kituo cha mfano cha Rummana. Jina: Dkt. Wasfi. Ujazo wa kikombe: asilimia mia moja. Kiwango cha ukarimu: cha juu kabisa. Maoni ya mgeni: hakubaki kuyatoa.